Njia ya Mwongo ni Fupi

Nimechoka kusikia kwamba mtu wa Nairobi hajui kuvuka barabara.

Kila mtu akigongwa Thika Road au Mombasa Road, mahubiri ni yale yale. Redioni, kwenye magrupu ya WhatsApp, midomoni mwa watu ambao mara ya mwisho walivuka barabara kwa miguu walikuwa bado wanavaa yunifomu: daraja liko hapo mbele tu, mbona hakulitumia? Ati hatuna nidhamu. Ati tunapenda njia za mkato. Kisha polisi wanatega chini ya daraja, lori linajaa watu, picha inapigwa, na wiki ijayo mtu mwingine amelala kwenye lami akiwa amefunikwa leso.

Mimi nasema yule aliyeliacha daraja alipiga hesabu. Tena hesabu yake ilikuwa kamili kuliko ya injinia aliyelichora.

Hebu tuipige pamoja. Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi na unaenda Industrial Area kutafuta kibarua. Getini wanachukua wanaofika mapema, saa moja wamefunga. Upande wa pili wa barabara unauona, uko hapo, hatua arobaini. Daraja liko mita 300 kushoto. Utaenda hizo 300, upande ule mteremko unaojizungusha kama nyoka kwa sababu ulijengwa uwe wa pole, uvuke, ushuke mzunguko mwingine, halafu urudi mita 300 upande wa pili. Hatua arobaini zimekuwa karibu kilomita, na kibarua kimechukuliwa na aliyekimbia. Sasa geuza saa iwe mbili usiku. Taa za daraja hazijawaka tangu lini, hakuna anayekumbuka. Kule juu kuna milango miwili tu, wa kuingia na wa kutokea, na wanaopiga watu ngeta wanajua hivyo kukuliko. Ukisimama chini ukitazama juu, unachagua kati ya gari na mkono wa mtu shingoni. Gari lina breki. Ngeta haina.

Sisemi chini ni salama. Barabara za Kenya zinaua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na kundi kubwa zaidi ni la wanaotembea kwa miguu. Ninachosema ni kwamba mtu akichagua hatari moja badala ya nyingine, usimwite mjinga kwa sababu wewe unaiona moja tu.

Na ukitaka ushahidi, angalia madaraja ambayo watu wanayatumia. Ni yale yenye mama wa njugu, kijana wa soksi na kava za simu, jamaa anayeuza miwani ya mia. Pale hata saa mbili na nusu usiku kuna taa ya betri, kuna sauti, kuna mtu atakayekuona ukivutwa. Hao wachuuzi wanafanya bure kazi ambayo jiji lilishindwa kuifanya kwa bajeti. Halafu kanjo wanakuja, wanabeba magunia, wanasema ati njia imezibwa. Jioni daraja ni safi kabisa, na watu wanarudi kuvukia chini.

Sasa kuna mshauri mwingine wa njia, huyu tunamnunulia hadi bando: ramani ya simu.

Mwaka 1956, Mholanzi mmoja anayeitwa Edsger Dijkstra alikaa kwenye mkahawa Amsterdam na mchumba wake wakinywa kahawa. Alikuwa anatafuta mfano wa kuonyesha watu uwezo wa kompyuta mpya, na akajiuliza swali rahisi: ni ipi njia fupi kabisa kutoka Rotterdam hadi Groningen? Alisimulia baadaye kwamba jibu lilimjia kwa dakika kama 20, bila kalamu wala karatasi. Alilichapisha 1959. Programu zinazotupangia njia leo zimejengwa juu ya wazo hilo na ndugu zake.

Hesabu yenyewe ni tamu, sina ugomvi nayo. Lakini kabla haijaanza, kila kipande cha njia lazima kiwe kimepewa gharama. Inaweza kuwa kilomita, inaweza kuwa dakika, inaweza kuwa pesa. Mashine haijali. Mtu ndiye anaamua gharama ni nini, na aliyeamua kwa niaba yetu aliwaza mtu aliye ndani ya gari, vioo vimepandishwa, anachelewa mkutano. Kwake gharama ni dakika. Ukibonyeza ile picha ya mtu anayetembea, unapewa hesabu ya gari iliyovuliwa magurudumu. Bado ni dakika tu.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Walimaanisha uongo hauendi mbali kabla haujashikwa, lakini nikiangalia ile laini ya buluu kwenye kioo naisoma hivi hivi, neno kwa neno.

Kwa sababu gharama za Nairobi ziko nyingi, na kila anayetembea anazijua kwa kichwa. Anza na matope. Upande wa mashariki wa jiji umekaa juu ya udongo mweusi unaonata, ule wa kufanya kiatu kiwe kizito kama tofali. Asubuhi ya mvua, mtu wa Pipeline au Mukuru hatafuti njia fupi. Anatafuta njia yenye mawe, au ukingo wa ukuta, au reli. Amevaa gambuti na viatu vya kazi viko kwenye mfuko. Steji kuna vijana wanaosha viatu vya watu kwa ndoo na brashi, biashara nzima iliyozaliwa na barabara ambayo haikujengwa. Mita 500 za matope na kilomita moja ya lami, niambie ipi ni ndefu.

Mvua hiyo hiyo ikishika jioni, nauli ya hamsini inakuwa mia, na kondakta hana haja ya kueleza. Tao yote inapiga hesabu upya hapo hapo chini ya vibaraza vya maduka: ningoje ishuke, nitembee hadi Muthurwa nipate ya bei nafuu, au nitembee mpaka nyumbani kabisa? Dereva naye anapiga yake. Ameona jamu, ameambiwa na mwenzake karao wako wapi, anakata kushoto kwa njia za panya, na abiria wa Donholm wanajikuta wanapitia mahali hawajawahi kuona. Hakuna anayelalamika. Tunaheshimu sana hesabu ya dereva. Ya mtu wa miguu ndiyo tunaiita utovu wa nidhamu.

Halafu kuna jinsia, na hapa wanaume wengi watashangaa. Muulize dada yako anapita wapi kutoka steji ikishafika saa moja na nusu usiku. Hatakupa barabara, atakupa watu. Napita kwa mama chapo, halafu kwa M-Pesa, halafu kwa chemisti, yule wa chemisti hufunga saa tatu, kwa hivyo nikichelewa zaidi ya hapo nachukua boda hata kama ni karibu. Hiyo ni ramani. Ina saa za kufunga, ina mashahidi, ina mipango ya dharura. Anajua kibanda gani kuna vijana wanaokaa wakipiga miluzi na upande gani wa barabara wa kutembea ili kusiwe na mlango wa giza begani mwake. Anajua steji gani ya kuepuka na nguo gani haipiti wapi. Novemba 2014, baada ya mwanamke kuvuliwa nguo steji hapa Nairobi mchana kweupe, wanawake waliandamana tao wakisema nguo ni zao na uamuzi ni wao. Miaka imepita. Ile hesabu ya jioni bado wanaipiga wao, na kuzunguka wanazunguka wao.

Na kijana wa kiume, hasa mwenye rasta na hudi, ana yake. Kona gani Landikruza ya polisi huegesha usiku wa Ijumaa. Kitambulisho kiko mfuko gani. Ukiwa na laptopu ya kazi, unapita wapi usije ukaulizwa risiti ya kitu ulichonunua miaka mitatu iliyopita. Juni 2024 kizazi kizima kilijifunza tao upya kwa wiki mbili: uchochoro upi unatokea Moi Avenue na upi ni mwisho, duka gani linafungua mlango ukigonga, ngazi zipi zinapanda hadi paa. Wengine walijifunza kwa gharama ambayo hakuna ramani itaiandika.

Mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo kichwani, mzee wa mkongojo, mtu wa kiti cha magurudumu: kwao ukingo wa sentimita 30 ni ukuta. Nao pia wanahesabu. Na mageti! Mitaa ya South B na Buruburu, kwingine pia, wakazi wamefunga barabara za watu wote kwa geti na askari wa rungu. Naelewa hofu yao, mimi pia nimeibiwa. Lakini geti moja la kujilinda linampa mfanyakazi wa nyumbani robo saa ya ziada gizani kila jioni, yaani hofu haikuisha, ilihamishiwa kwa asiye na geti.

Kuna watafiti ambao mwaka 2014 walijaribu kutatua jambo hili huko Ulaya. Walionyesha watu picha za mitaa ya London, wakawauliza ipi inapendeza, ipi ni tulivu, ipi inafurahisha, halafu wakatengeneza njia zinazopita huko badala ya kule kufupi. Wakaona unaongeza dakika chache tu na unapata matembezi mazuri zaidi. Wazo zuri, nalipenda. Tatizo ni vile lilivyofika hapa: limekuwa ushauri wa afya ya akili. Pita Karura. Tembea polepole. Nusa maua. Msee, anayetembea kutoka Kibera hadi Industrial Area akifuata reli, saa nzima na zaidi kila upande, hajakosa kutembea polepole. Ulizia kwanza nani anaruhusiwa kuchagua, kisha tuongee maua.

Kwa sababu jiji hili halikuchorwa ili tuchague. Lilianza 1899 kama kambi ya reli. Wazungu walichukua miinuko ya magharibi yenye udongo mwekundu na hewa nzuri, Waafrika wakawekwa mashariki, kwenye tambarare na ule udongo mweusi niliousema, Pumwani, Kaloleni, Shauri Moyo, Makongeni. Barabara zilikuwa za kumtoa mfanyakazi huko asubuhi na kumrudisha jioni, na kipande shingoni kilieleza kama ana ruhusa ya kuwa mahali alipo. Hazikujengwa ili mtu wa mtaa mmoja amtembelee mtu wa mtaa mwingine. Ndiyo maana hadi leo ukitoka Umoja ukienda Kawangware lazima uingie tao, ushuke, uvuke katikati ya jiji kwa miguu, upande nyingine.

Tulirithi mchoro, tukaendelea kuukoleza. Tarehe 3 Desemba 2018 matatu zilifungiwa nje ya katikati ya jiji kwa agizo la kaunti. Siku ile wazee, wagonjwa, wanafunzi, wote walitembea kutoka zilikoishia, na agizo likarudishwa kabatini karibu papo hapo. Mtu mmoja ofisini alikuwa amewachagulia maelfu ya watu njia bila hata kuzipita.

Mwaka 2022 tukapewa Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Unalipa, unapaa. Mtu wa miguu haruhusiwi, boda haruhusiwi, tuktuk haruhusiwi. Nimeipanda, ni raha, nisidanganye. Kutoka uwanja wa ndege unaona jiji kama limepigwa pasi. Lakini jiji hilo hilo, karibu nusu ya safari zake zinafanywa kwa miguu. Pesa na zege zimeenda juu, na chini ya zile nguzo watu wanaendelea kuruka mitaro.

Kuna kisa kimoja cha barabara hiyo ninachopenda kuwakumbusha mainjinia. Pale Waiyaki Way kulikuwa na mugumo mkubwa, wa zaidi ya miaka mia, uliokuwa ukatwe kupisha ujenzi. Watu wakapiga kelele, na Novemba 2020 rais akatoa amri mti usiguswe. Mti ukanusurika. Nilifurahi, mugumo si mti wa mchezo. Ila tangu siku hiyo sikubali tena kuambiwa kwamba mchoro wa barabara haubadiliki kwa sababu za kiufundi. Kama mabilioni ya zege yanaweza kuupisha mti uliosimama, yanaweza kumpisha mtu anayevuka.

Tena sheria za karatasi tunazo. Mwaka 2015 kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, ikaahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara iende kwa wanaotembea na waendesha baiskeli. Asilimia 20. Toka nje ya lango lako uangalie kama unaiona.

Najua kuna atakayesema naremba umaskini. Watu wanatembea kwa sababu hawana nauli, wape pesa waone kama watatembea. Ni kweli kabisa, wengi wetu tukipata mshahara wa kwanza kitu cha kwanza tunachonunua ni kutoonekana tukitembea. Tunaita teksi ya simu kutoka Kilimani hadi Hurlingham, tunakaa kwenye jamu dakika 25 tukipitwa na watu wa miguu, na tunalipa. Lakini hiyo ni hoja yangu, si yako. Kama kutembea kunamfanya mtu aliyesoma na mwenye afya ajione ameshindwa maisha, tatizo si miguu. Na kila mmoja wetu anayepanda gari kukimbia njia mbovu anapunguza sauti za wanaoilalamikia, kisha jioni anaingia kwenye grupu kuandika kwamba Wakenya hawana nidhamu.

Ninachotaka ni kidogo, na kinajengeka. Kivuko kiwekwe pale nyasi zimekwisha kwa kukanyagwa. Kile kijinjia cha udongo kinachokata kisiwa cha barabara si uharibifu, ni maelfu ya watu wamepiga kura kwa nyayo, kila siku, bila mawakala. Weka matuta pale, weka mistari, weka taa, punguza mwendo wa magari. Daraja la juu libaki kwa barabara ambayo kweli haiwezi kupunguza mwendo, na hapo juu waache wachuuzi, wape na leseni.

Na ramani tuichore sisi, kwa sababu tumeshafanya. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walishika vifaa vya GPS wakautia mtaa wao kwenye ramani ya dunia, mahali ambapo ramani za wakati huo zilionyesha patupu. Baadaye timu ya Digital Matatus, wakiwemo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ilipanda mathree na simu mkononi, ikarekodi ruti zaidi ya 130, na ramani ikatoka 2014. Mwaka uliofuata ruti hizo zikaingia Google. Kabla ya hapo, kwa mujibu wa simu yako, namna wakazi wengi wa Nairobi wanavyosafiri haikuwepo. Kwa nini isifanyike kwa njia za miguu, na gharama zake za kweli? Taa ipi inawaka. Wapi pana maji mvua ikinyesha. Chemisti anafunga saa ngapi. Dada yako tayari anayo yote kichwani, kinachokosekana ni mtu wa kumuuliza na mahali pa kuandika.

Wale mnaochora barabara, anzeni na hili, halihitaji zabuni. Njooni Muthurwa siku ya mvua, Aprili itafaa, saa moja na nusu jioni, bila gari la kuwafuata nyuma. Mje na viatu vya ofisi na mkoba begani. Tutatembea kwa Landhies Road, tushike Jogoo Road hadi Donholm, na mahali mtakapotaka kuvukia juu mtatuonyesha. Nauli ya kurudi mtajadiliana na kondakta.